Usingizi wa Saa Kumi

Ilianza Alhamisi, saa nane mchana, shambani kwetu Bunda, wakati wa kuchuma pamba. Nilikuwa nimefika mwisho wa mstari. Nikataka kuinua kichwa nimwite Mama, shingo ikakataa. Ilikuwa kama mtu amenishika kisogo kwa mkono wa moto, akaniambia tulia hapo hapo.

Ninaandika kwa sababu mwinjilisti wetu ameniomba nitoe ushuhuda, na kusimama mbele ya watu mimi siwezi. Naona aibu. Basi tumepatana hivi: mimi naandika, rafiki yangu Wegesa anasoma, nami nakaa benchi la pili nikiangalia vidole vyangu. Wegesa, tafadhali, usiongeze maneno yako.

Kabla ya siku ile nilikuwa na masikio kama watu wengine, na sikujua kama ninayo. Nani anajuaga kwamba ana masikio? Nilikulia utotoni kijijini kwa kina Mama, upande wa Majita, ambako ziwa liko mlangoni. Mchana nilikuwa nalala juu ya jiwe lililopata jua, na vitu vyote vinanijia: kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, kuku aliyetaga, mtu anacheka ng'ambo ya maji, furu, visamaki vya ziwani, wakilia kwenye mafuta. Sikuwa natafuta kitu. Sauti zilikuja tu zenyewe, kama harufu inavyokuja. Hilo nawaombeni mlishike, maana ndilo nililokuja kulipoteza.

Siku ile shambani nililala chini kati ya mistari ya pamba. Jioni nikawa natapika maji ya njano, na mwanga wa kibatari ukawa unanichoma macho kama miiba. Nilikuwa kidato cha kwanza, niko nyumbani likizo. Kulipokucha Baba alitafuta gari. Miaka ile hakukuwa na kitu. Hata nguo tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, na mafuta ya gari ndiyo usiseme. Gari pekee lililokuwa linakwenda Musoma ni lori la pamba.

"Ndani hamna nafasi," dereva alisema. "Mpandishe juu. Juu huko ni kitanda kabisa."

Basi nilikwenda hospitali nikiwa juu ya pamba. Baba alikaa amenipakata kichwa, ameshika kamba. Pamba ilinimeza hadi masikioni. Mbingu ilikuwa karibu sana, inapita polepole, na matawi yalikuwa yanapita juu yangu kama watu wanaoinama kunichungulia. Lori likasimama. Nikaona weupe tu kila upande.

"Baba, tumefika mbinguni?"

"Hapana, mama," Baba alisema. "Ni Kiabakari."

Baba ananiita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake, Nyabise.

Hospitalini walinikunja kama konokono, wakanichoma sindano ya mgongo. Nilijikojolea. Naliandika hili ili anayeumwa kama mimi asione haya, maana mwili ukiumwa haukuulizi. Daktari alimwambia Baba, "Ni homa ya uti wa mgongo. Dawa ni za kuokoteza siku hizi, lakini zake zipo. Akiamka tutamshukuru Mungu kwanza, halafu tutaangalia imebeba nini."

"Kubeba nini tena?" Baba akauliza.

"Homa hii, mzee, haiondokagi mikono mitupu."

Nilipoamka, Mama alikuwa amekaa kitandani kwangu, midomo yake inacheza. Alikuwa anaimba, baadaye ndiyo alinieleza. Muuguzi alipita na sinia, kikombe cha bati kikamponyoka, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kikabiringika hadi ukutani. Hakikutoa sauti. Kilianguka kama kilichoangukia pamba. Nikafikiri bado niko juu ya lori, nikafumba macho ili tuendelee na safari.

Sikio la kushoto lilirudi kidogo. La kulia halikurudi. Lakini hakuna aliyejua, hata mimi. Watu walikuwa wananiinamia usoni wanauliza, "Unasikia?" Naona midomo, najibu, "Nasikia." Walifurahi, na mimi nilifurahi. Niliona tu kwamba watu wamekuwa wapole, siku hizi wanaongea chini chini. Nikadhani ni kwa sababu nilikuwa karibu kufa.

Nikarudi shule Musoma. Ninakaa Mwisenge kwa Shangazi Tabitha, dada yake Baba, mjane anayeanika na kuuza dagaa. Hapo ndipo usingizi ulipoanza.

Sijui nieleze vipi mtu mwenye masikio yake aelewe. Mwalimu akisema sentensi, mimi nilikuwa napata vipande. Hapa neno zima, hapa mkia wa neno, hapa midomo tu. Nilikuwa navikusanya haraka, najaza pengo kwa kubahatisha, na nikimaliza kujaza, mwalimu yuko mbali, ameanza jambo jingine. Kijita niliweza kukisoma midomoni, na Kiswahili kidogo. Lakini masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza sikujua kinakaaje mdomoni kwa mtu. Mwalimu wa jiografia alikuwa na tabia ya kuongea huku anaandika, mgongo umetugeukia. Mimi niliutazama mgongo ule kama utasema kitu.

Nilikaa dawati la mbele kabisa, sipepesi. Saa saba taya zilikuwa zinauma, na macho, na kisogo. Nikifika nyumbani, saa kumi haijapita, nimeshalala, na sare, na viatu, chakula kiko mezani. Usingizi wenyewe ulikuwa mtamu wa ajabu. Niliota ndoto ile ile: niko juu ya jiwe Majita, watu wanaongea nyuma yangu, na mimi nasikia bila kugeuka. Hakuna kilichokuwa kinatokea katika ndoto hiyo. Ni hicho tu, watu wanaongea nyuma yangu.

"Huyu analalaga kama aliyekunywa gongo," Shangazi alisema. "Na jina la mama yangu analo! Mama yangu hakuwa mvivu."

Alinipa klorokwini, akidhani ni malaria. Nikajikuna siku nzima na usingizi ukabaki pale pale. Halafu akaanza kunitazama tumboni. Siku moja akafunga mlango.

"Nyabise, nitazame. Ni nani?"

"Nani, shangazi?"

"Huyo aliyekupa usingizi huu."

Nililia hadi nikapata kwikwi. Akanipeleka kliniki hivyo hivyo, nimeshika kikopo cha mkojo chini ya khanga. Muuguzi aliporudi akasema, "Mama, huyu hana kitu. Mpe chakula." Njiani tukirudi, Shangazi alisimama kibandani. Akaninunulia andazi, akanipa bila kunitazama.

Baba alipoletewa ripoti ya shule alikuja kutoka Bunda. Nilikuwa mtu wa tatu kutoka mwisho. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa mbele yangu, na ukianguka huo, unarudi nyumbani.

"Mama," alisema, taratibu, usoni kwangu, "nakuachia mpaka ripoti nyingine. Lakini kama ni kulala tu, kitanda hata Bunda kipo."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana niliogopa.

Aliyenigundua ni Wegesa. Tulikuwa tumekaa chini ya ukuta wa darasa, anatuhadithia kichekesho huku anakunywa maji, kikombe kimemfunika mdomo. Wenzangu walicheka, nikacheka nyuma yao. Akanitazama.

"Umecheka nini?"

Nikatabasamu tu. Akainua kikombe tena, akasema kitu humo ndani.

"Ndiyo," nilijibu.

"Ndiyo nini? Nimekuuliza jina la mama yako!"

Wengine waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Jioni alikwenda mwenyewe kwa Shangazi, akamwambia, "Shangazi, Nyabise si mvivu. Hasikii." Jumapili ile ikatangazwa kanisani kwamba daktari wa masikio anapita Butiama kwa siku chache. Tukaenda.

Daktari alikuwa mama wa makamo, anaongea Kiswahili cha pwani, laini kama uji. Aligonga chuma chenye umbo la uma, akakiweka nyuma ya sikio langu. Alifunika mdomo kwa karatasi akaita maneno, nikarudia niliyoyapata, ambayo yalikuwa machache. Kisha akaweka vitu vyake chini, akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ukitoka shule, unafanya nini?"

Shangazi akadakia, "Analala! Ndiyo shida yenyewe hiyo, daktari."

"Mama, huyu halali, anaanguka kwa kazi. Wewe na mimi tunasikia kama tunavyovuta pumzi. Mwanao anasikia kama mtu anayejaza pipa kwa kijiko. Tangu asubuhi yuko kisimani, akifika nyumbani amekwisha. Wewe ungebaki umesimama?"

Shangazi akashika mdomo.

Nilipewa kifaa, kilichotoka kwa wafadhili, kimeshatumiwa na mtu mwingine. Kisanduku kidogo cha kuning'iniza kifuani, waya, na mwisho wa waya kitu cha kuingiza sikioni. Ndani kinakaa betri mbili ndogo za unene wa kidole.

"Sikiliza nikwambie ukweli," daktari alisema. "Hiki hakirudishi masikio. Kinapunguza kazi. Na mwanzoni kitakuchosha zaidi, usikitupe. Upe ubongo wako nafasi ujifunze kuacha yasiyo na maana."

Ni kweli kabisa. Wiki za kwanza nilitamani kukitupa ziwani. Viti vikivutwa ni radi. Chaki ni kisu. Hata blauzi yangu mwenyewe ikisugua kile kisanduku, ni kama mtu anaburuta matete kichwani mwangu. Nililala hata kabla ya saa kumi.

Na watu! Mtaani kila mtu alidhani nimevaa redio.

"We binti, Simba wamepata ngapi?"

"Weka sauti na sisi tusikie!"

Mzee Magesa, jirani yetu, yeye hakuwa anatania. Alinisubiri mlangoni kwake, kofia mkononi. "Mjukuu wangu, hebu sikiliza matangazo ya vifo, kama wametaja mtu wa kwetu." Nikamwambia, "Babu, hii haisemi, inasikia." Akafikiri sana. "Redio inayosikia," akasema. "Basi chunga unachoongea mbele yake."

Lakini taratibu, bila mimi kujua siku, yale makelele yalianza kukaa chini. Viti vikawa viti. Asubuhi moja nikagundua kwamba njia nzima sikuisikia blauzi. Mwalimu wa hesabu alisema sentensi ikaingia yote, nzima, kama samaki anayeruka mwenyewe mtumbwini. Nikifika nyumbani nilikuwa nakula kwanza, ndipo nalala. Nilikuwa naanza kumwamini yule daktari.

Halafu ikageuka. Polepole, darasa likaanza kuzama tena. Nilizungusha kigurudumu cha sauti hadi mwisho, nikapata mlio kama mvua ya mbali. Taya zikaanza kuuma. Usingizi wa saa kumi ukarudi, na ndoto ikarudi, na safari hii katika ndoto hata wale watu nyuma yangu walikuwa wamenyamaza. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba kifaa ni kizima, mimi ndiye mbovu. Mtu akipewa kitu na wafadhili, atasemaje tena kwamba hakimfai?

Ripoti ya pili ilikwenda Bunda. Jumapili Baba akafika na baiskeli. Nyuma, kwenye keria ya baiskeli, alikuwa amezungusha ukanda wa mpira, ule wa kufungia mizigo. Nikautazama ukanda. Nikalitazama sanduku langu la bati pale chini ya kitanda. Hakuna aliyehitaji kuniambia kitu.

Siku hizo maduka yalikuwa yameanza kujaa tena. Vitu tulivyovisahau vilikuwa vimerudi rafuni, sabuni ya harufu, khanga mpya. Baba alikuwa amemletea dada yake zawadi, betri mpya mbili za redio, maana redio ya Shangazi ni ndogo, nayo inatumia zile zile za unene wa kidole. Shangazi akapiga kigelegele. Akafungua redio, akatoa za zamani, akaweka mpya, kwaya ikajaa uani. Zile za zamani akazipeleka kwenye bati anapoanika dagaa, akazilaza juani vizuri, kichwa na mkia, katikati ya dagaa.

Ninyi mnajua, kwetu ndivyo tulivyoishi. Betri ikichoka unaianika, inaamka kidogo. Tulifanya hivyo miaka yote ya shida, na hakuna aliyeona ni kitu cha kushangaza. Hata Baba asingeshangaa. Aliuliza tu kwa mazungumzo.

"Na hizo unaanikia nini, wakati mpya unazo?"

"Hizo za Nyabise," Shangazi alisema, tena kwa furaha, kama mtu anayejua kubana matumizi. "Ndizo ninazompaga. Redio ni kubwa kuliko kifaa chake, inataka nguvu. Kake ni kadogo, kanatosheka na mabaki."

Hayo sikuyasikia. Wegesa, aliyekuwa amekuja kuniaga aliposikia Baba amefika, ndiye aliyenirudishia neno kwa neno baadaye. Mimi niliona tu uso wa Baba ukibadilika. Akaangalia dagaa, akaangalia betri, akaniangalia mimi kifuani.

"Tabitha," alisema. "Redio ikikosa nguvu, nani anafeli mtihani?"

Shangazi akaiangalia redio. "Hakuna."

"Haya."

Baba akazima kwaya katikati ya wimbo. Akatoa betri mpya, akanijia, akaniambia usoni, "Mama, nipe." Mikono yake ni ya jembe, na kifuniko cha kile kisanduku ni chembamba kama ukucha wa mtoto. Alihangaika nacho. Kikaingia.

Shangazi alikuwa amejishika kichwa. "Kumbe nilikuwa namlisha makapi," alisema. "Mtoto wa watu! Mama yangu mzazi nimemlisha makapi!"

Hilo nililisikia.

Nilikaa kwenye kigoda, mgongo kwa watu, nikigeuza dagaa ili mikono iwe na kazi. Jua lilikuwa linalainika. Mwanzoni nilingoja taya zianze kuuma. Hazikuuma. Dagaa walikuwa wanachakarika vidoleni mwangu, nikawasikia, nikawaacha. Kunguru akapita, nikamwacha. Upepo wa ziwa ukapita kwenye mabati ya jirani, nao nikauacha upite. Nilikuwa kama mtu aliyelala majini chali, maji yenyewe yanambeba, hapigi hata mkono.

Nyuma yangu Baba alikuwa anaongea na dada yake. Hawakuwa wanaongea na mimi.

"Nilikuja na mpira wa kufungia sanduku lake," Baba alisema.

"Niliuona."

"Mchana kutwa nilikuwa nafikiri nitamwambiaje."

"Sasa je?"

Kuku akakwaruza.

"Sasa mpira utafunga kuni," Baba alisema. "Mwache afanye huo mtihani akiwa na masikio yake."

Sikugeuka. Niligeuza dagaa waliokwisha geuzwa. Machozi yalikuwa yananidondokea, lakini sikutaka wajue kwamba nimesikia, maana nilitaka waendelee. Walipoendelea, waliongea habari za mvua na ndama wa Bunda, na nilizisikia zote, na zilikuwa tamu kuliko wimbo. Wegesa akaja akanigusa bega.

"We, saa kumi na mbili hii. Leo hulali?"

Nilikuwa nimesahau kulala.

Sasa niko kidato cha nne. Namshukuru Mungu aliyeniamsha, na yule mama daktari, na dereva wa lori, na Baba. Namshukuru Shangazi Tabitha, aliyekubali nimwandike humu bila kupunguza kitu. Nyumbani kwetu sasa betri mpya zinaanza kwangu, zikichoka ndiyo zinakwenda redioni. Mzee Magesa analalamika kwamba siku hizi redio ndiyo inayolala saa kumi.

Bado sisikii kama ninyi. Kwenye kelele nyingi bado napotea, na siku nyingine nachoka, nazima kisanduku nakaa na ukimya wangu, bila kumwomba mtu msamaha. Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayelala sana, au bibi aliyeacha kukaa na wenzake jioni, usimwulize "unasikia?" Atakuambia anasikia. Mwulize kama amechoka. Ongea naye ukiwa umemgeukia. Na kama ana kifaa, tafadhali, angalia kwanza betri kabla hujamlaumu mtu.

Kesho ya Jumapili ile ya betri, yaani Jumatatu, Baba aliondoka alfajiri, keria ya baiskeli haina mzigo. Mimi nikaenda shule. Sikukaa dawati la mbele. Nilikwenda kwenye dirisha, nafasi ambayo sikuwahi kuthubutu kuikalia, maana pale huwezi kuona midomo ya mtu. Mwalimu wa jiografia akaingia, akatugeuzia mgongo, akaanza kuandika huku anaongea. Nikatazama nje, ziwa likiwaka jua kati ya mawe, mtumbwi mmoja unarudi. Niliutazama mtumbwi ule muda mrefu, hadi ulipogusa mchanga, na mkono wangu wakati wote huo ulikuwa unaandika anachosema mwalimu.